Kiraka cha Bawa la Kushoto

Tiara ilianguka mara ya tatu, na safari hii haikuanguka kwa kishindo. Iliinamisha bawa lake la kushoto, ikasita kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, halafu ikajilaza juu ya maji. Kocha akapuliza filimbi. Hakukuwa na haja, maana kila mtu ufukweni alikuwa ameona, lakini Kocha na filimbi yake walikuwa kitu kimoja. Mke wake alishawahi kulalamika mbele za watu kwamba hata chumvi mezani huombwa kwa filimbi.

"Dakika nne," alisema, akiandika kwenye karatasi. "Nilitaka kumi."

Njiti alikuwa amesimama ziwani, maji yakimfika kiunoni, mpini wa kuongozea tiara bado uko mikononi, kamba nne ndefu zikielea mbele yake kama tambi zilizomwagika. Alikuwa na miaka ishirini na mbili na mwili mwembamba uliompa jina hilo, njiti ya kiberiti, na kwa miezi mitano alikuwa akijifunza ualimu msaidizi kwenye shule ile ya watu wanaovutwa na tiara kubwa, wakiteleza majini juu ya ubao. Kuteleza alijua. Upepo mkali haukumtisha. Kilichobaki ni mtihani wa upepo mdogo: kuirusha tiara siku ambayo hata nguo kwenye kamba zimelala, na kuiweka hewani dakika kumi.

"Upepo mkali hata gunia linaruka," Kocha alipenda kusema. "Mwalimu anayejua upepo mkali tu, nusu ya mwaka namlipa akae."

Mama Njiti aliyaona yote akiwa nyuma ya cherehani yake, chini ya turubai la shule. Kwa miaka mitatu ndiye aliyekuwa akishona tiara zilizochanika. Alilipwa kwa kiraka, na siku isiyo na kiraka alirudi nyumbani na cherehani yake tu kichwani. Kati ya tiara za kufundishia na za mtihani, tisa za zamani zilikuwa zimepita mikononi mwake. Ile ya bluu iliyolala majini ilikuwa mojawapo. Alijifanya anatunga uzi kwenye sindano. Uzi ulikuwa umeshatungwa tangu asubuhi.

Kocha alimsubiri Njiti atoke majini. "Mkono wako wa kushoto ni mzito, binti. Wa kulia unasikia, wa kushoto umelala. Usijisikie vibaya, si wewe wa kwanza. Kushoto naye alikuwa hivyohivyo."

Vijana waliokaa mchangani wakacheka. Kushoto zamani aliitwa Bonge. Mwezi uliopita alikuwa ameangusha tiara hiyohiyo, upande huohuo, siku zote mbili za mtihani. Akaambiwa maneno hayohayo, akaondolewa, na jina la Bonge likaishia pale.

"Pole sana, dada yake Kushoto!" mmoja akaita.

"Funga huo mdomo," Mama Njiti akamwambia bila kuinua kichwa, "nisije nikaushona. Sindano ninayo."

Wakacheka tena, lakini safari hii walimcheka mwenzao. Kocha hakucheka. Alikuwa mtu wa haki kwa kiasi chake, na mtu wa haki akiwa na filimbi huwa hana muda wa kucheka. "Ijumaa ndiyo nafasi ya mwisho," alimwambia Njiti. Halafu akageukia cherehani. "Na wewe Mama Njiti, mkataba wako uko tayari. Fundi wa kudumu, mshahara wa mwezi, kichanike kisichanike. Ijumaa hiyohiyo njoo na kalamu. Hiyo ya bluu imefumuka ukingoni, nenda nayo nyumbani."

"Asante, Kocha," alisema Mama Njiti. Habari aliyoingoja miaka mitatu, na ikamjia siku ambayo hangeweza hata kutabasamu.

Nyumbani chumba cha mbele kilikuwa kimoja na kochi lilikuwa moja, kwa hiyo tiara ilipokuja, wenye nyumba walikaa chini. Breki, mume wa Mama Njiti, alikuwa anakata vitunguu kwenye sinia. Aliendesha malori miaka kumi na tisa mpaka mgongo ukagoma, na tangu ugome yeye ndiye mwenye jiko.

"Mgeni atakula?" aliuliza, akielekeza kisu kwenye kochi.

Njiti alikuwa ameegemea ukuta, ameviringisha soksi mbili pamoja, anazifinya kwa mkono wa kushoto. Anafinya, anaachia, anafinya.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Nauamsha."

"Nini?"

"Mkono."

Breki akamtazama mkewe, mkewe akamwonyesha kwa macho aendelee na vitunguu. Njiti akasema, kama mtu anayesoma tangazo la mtu mwingine, kwamba shangazi yake alishampigia. Kule kwao kuna dobi anatafuta watu wa kupiga pasi. Ijumaa akiangusha tena, Jumamosi anapanda basi.

"Utapiga pasi kwa mkono upi?" Breki akauliza. Alikusudia utani. Ulipotoka mdomoni haukuwa utani, na yeye mwenyewe aliusikia. Akainamia sinia. "Hivi vitunguu vya siku hizi," akasema, akijifuta macho.

Mama Njiti alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi, anapitisha vidole kwenye ukingo uliofumuka. "Hebu niambie," alisema. "Upepo ukiwa mdogo, unafanya nini hasa?"

"Mama, hutaelewa."

"Nimekuzaa wewe na nikakuelewa. Nitashindwa na kitambaa?"

Njiti akaacha soksi. "Huisimamishi juu ya kichwa. Ukiisimamisha inalala. Unaitembeza, huku, huku, kama unachora namba nane iliyolala ubavu. Ikitembea inajitengenezea upepo wake. Sasa ikianza kuzubaa, ndiyo watu wanapokosea. Unatamani kuvuta mpini. Huvuti. Unausukuma mbele, unaiachia, unarudi nyuma hatua mbili tatu, kamba zikaze."

"Inaanguka halafu unaiachia?"

"Ukivuta unaikaba. Inakosa pumzi, inaanguka kinyumenyume."

"Kama mama yako akikasirika," alisema Breki. "Mimi huwa naachia, narudi nyuma hatua tatu."

Mama Njiti hakumsikia. Alikuwa amekamata jambo jingine kichwani. Suruali akiishona, mwenye suruali huivaa palepale mbele ya kioo, akaketi, akasimama, akachuchumaa, ikikataa inarudi mezani. Tiara tisa, miaka mitatu, na hata moja hajawahi kuijaribu. Alizishona, akazikunja, akazikabidhi kama mtu anayeshonea wageni wanaoondoka na treni.

"Kesho asubuhi twende," alisema. "Nataka kuivaa."

Ukingo uliofumuka aliushona usiku uleule. Asubuhi ile mchanga ulikuwa mtupu, na upepo ulikuwa wa kutosha kuzima kiberiti, zaidi ya hapo ungeombwa. Shule ilikuwa haijafunguliwa. Njiti alikuwa na ufunguo wa stoo, akachukua pampu na mkanda wa kiunoni, akajaza upepo ule ukingo mnene wa mbele mpaka ukawa mgumu kama tairi la baiskeli. Mama Njiti akapandisha gauni, akalifungia kiunoni juu ya suruali ya mumewe, akavishwa mkanda.

"Nimekonda," alisema Breki, akiitazama suruali yake ikivaliwa na kujaa. Alikuwa amepelekwa mita ishirini na kitu mbele, ameishika tiara kwa ukingo, na ameambiwa asiirushe. Aiachie tu.

"Sasa, baba!"

Akaachia. Tiara ikapanda, na Mama Njiti akafanya kile ambacho mikono yake ilikuwa imefanya maisha yake yote kitu kikitaka kumtoka: akavuta. Tiara ikasimama hewani, ikatetemeka, ikarudi kinyumenyume na kutua karibu na mguu wa Breki.

"Umevuta, mama."

"Sijavuta."

"Umevuta."

"Nimeshika tu."

"Mke wangu," Breki akaita kutoka kule, "umevuta hata mimi nimesogea!"

Ya pili ikaanguka. Ya tatu ikaanguka. Ya nne Njiti akasimama nyuma ya mama yake, akaweka mikono juu ya mikono yake, kama mama alivyomfundisha yeye kushika mkasi, na kila tiara ilipozubaa akausukuma mpini mbele. "Achia. Achia. Rudi nyuma. Haya, itembeze." Tiara ikainuka. Ikapita kulia, ikageuka, ikapita kushoto, na kamba zikaanza kusema kitu viganjani. Mama Njiti akaacha kutazama juu. Akaanza kusikiliza kwa vidole, kama anavyosikiliza kitambaa kinapopita chini ya sindano na kujua mahali kilipojikunja kabla hajaona. Njiti alipoondoa mikono yake, mama yake hakugundua.

Dakika mbili. Breki alikuwa ameanza kupiga makofi. Halafu tiara ikapita kushoto na haikutaka kurudi. Mama Njiti akaachia, akarudi nyuma, hatua tatu, hatua tano. Bawa la kushoto likainama, likaongoza njia, na tiara nzima ikalifuata mpaka chini.

"Hapo ndipo inaponiangukia," alisema Njiti kwa sauti ndogo. "Labda ni ya ukoo. Labda sote mikono yetu ya kushoto iko hivyo."

"Lete," alisema Breki. "Mimi si ukoo wenu. Niliingia kwa kuoa."

Hakuweza kusimama muda mrefu, kwa hiyo aliketi mchangani, miguu ameikita mbele, mpini mikononi kama usukani. Mke wake akaenda kuachia. Breki aliangusha mara mbili akicheka, na ya tatu tiara ikapanda, na kicheko kikaisha. Uso wake ukawa uso wa zamani, uso wa barabarani. Akaipeleka kulia, akairudisha. Akaipeleka kulia tena, akairudisha. Akafanya hivyo mara sita hivi, mpaka ikaanguka. Kushoto.

"Gari hili linavuta," alisema.

"Si gari, baba."

"Linavuta upande mmoja. Nimeendesha miaka kumi na tisa, nalijua gari linalovuta. Unaliweka sawa, linaondoka tena. Gari likivuta kushoto hakuna mtu anayekwenda kumpima dereva mkono. Unashuka, unaangalia tairi."

Njiti akamtazama baba yake. Halafu wote wawili wakamtazama Mama Njiti, ambaye alikuwa bado amesimama kule mbele, karibu na tiara iliyolala. Alikuwa ameinama, ameshika bawa la kushoto, na hakuwa ameinuka.

Kiraka chenyewe kilikuwa karibu na ncha, upana wa karatasi mbili za daftari. Alikishona mwaka juzi. Shule ilimpa kitambaa cha viraka, chepesi kama karatasi ya pipi, na maelezo yaliyoandikwa juu ya boksi: kiraka kimoja, mshono mmoja. Alikiona kitambaa kile, akaona aibu kwa niaba ya waliokitengeneza. Hakuna fundi anayejiheshimu anayeweka kiraka kimoja mahali panapovutwa. Goti la suruali ya mkulima unaliwekea viraka viwili, mbele na nyuma, ukazungusha mshono mara tatu, halafu ukapitisha mshono wa msalaba katikati, na suruali itachakaa kote kiraka kikiwa kizima. Ndivyo alivyoshona. Kocha mwenyewe alikivuta kwa mikono miwili siku ile akasema, "Huyu ndiye fundi."

"Nipe lile kasia," alisema.

Njiti akaleta kasia la mtumbwi uliokuwa umepinduliwa pale. Wakatoa upepo kwenye ukingo, wakaitundika tiara juu ya kasia katikati kabisa, Njiti ameshika upande mmoja na Breki upande wa pili. Mabawa yakaning'inia. La kulia likapanda taratibu, la kushoto likashuka, likashuka, mpaka tiara nzima ikateleza na kuanguka mchangani.

Mama Njiti alitembea na wembe kwenye mfuko wa gauni kama wengine wanavyotembea na leso. Akakata pembe ya kiraka. Kati ya kitambaa cha juu na cha chini ukamwagika mchanga, mchanga mbichi, mweusi, ukajaa kiganja chake na kufurika. Miaka miwili maji yalikuwa yakiingia na mchanga kupitia matundu ya sindano, na kutoka hayakujua. Nje tiara ilikauka, ndani ya kiraka ilibaki imelowa. Siku ya upepo mkali hata gunia linaruka. Siku ya upepo mdogo ule mfuko ulikuwa unaliita bawa chini.

"Kwa hiyo si mkono wangu," alisema Njiti. Aliuinua mkono wa kushoto mbele ya uso, akachezesha vidole, na kicheko kilichomtoka kilikuwa kama cha mtoto. "Mama, si mkono wangu!" Halafu akamwona mama yake, na kicheko kikakatika.

"Kwa nini ulichagua hii ya bluu?" mama akamuuliza. "Kocha aliwapa mchague wenyewe. Zilikuwapo tiara mbili ambazo hazijawahi kuchanika."

Njiti akaanza kuikunja tiara.

"Nakuuliza."

"Nilichagua kwa sababu umeishona wewe."

Breki akaenda kurudisha kasia kwenye mtumbwi.

Alhamisi yote ilikwenda kwenye kufumua. Mshono wa Mama Njiti haukutengenezwa ili ufumuliwe. Wembe wa kwanza ulikufa kabla ya saa nne, wa pili ukafuata mchana, na kila alipodhani uzi umekwisha alikuta mwingine chini yake.

"Nani alishona hivi?" alisema kwa hasira.

"Nasikia ni fundi hodari," Breki akamjibu.

Alikuwa amefikiria, Breki, na alikuwa na mpango. Alimwekea mkewe chai, akaketi karibu. "Sikiliza. Fumua hii, iwekee kiraka chepesi kama boksi lilivyosema. Kesho mtoto anapita mtihani. Wewe unatia sahihi. Ukishakuwa wa kudumu, zile nane nyingine unazifumua moja moja, polepole, ndani ya kazi. Nani ameumia?"

"Kushoto."

"Kushoto ana kazi. Yuko kwenye lile jengo jipya."

"Anabeba zege. Na ana jina nililomshonea mimi."

"Wamempa wale wahuni, si wewe."

"Mchanga aliupata kwangu."

Njiti alikuwa anamshikia kitambaa. Alisema polepole, "Lakini mama, ukimwambia Kocha kabla ya mtihani, atasema unanitetea. Mama wa aliyeanguka anakuja na hadithi ya mchanga. Hata mimi nisingeamini."

Hilo lilimkaa. Aliendelea kukata uzi, nyuzi mbili, tatu. Kwamba angepoteza mkataba alikuwa ameshaliona. Kwamba angesema kweli na bado ichukuliwe kuwa uongo wa mama, hilo lilikuwa jipya, na lilikuwa zito kuliko la kwanza.

"Basi sitamwambia," alisema mwishowe.

Breki akashusha pumzi.

"Nitampa arushe mwenyewe."

Ijumaa upepo ulikuwa mdogo kuliko siku zote. Vijana walikuwa wamekaa safu mchangani, maana habari ya mtu kuanguka mara ya mwisho haihitaji tangazo. Kocha alikuwa na karatasi zake mbili chini ya jiwe, ya mtihani na ya mkataba, na kalamu yake mwenyewe endapo Mama Njiti angesahau.

"Kocha, shikamoo. Kabla hujaanza nina ombi," alisema Mama Njiti. "Tiara zangu zina kasoro. Nilishona viraka vizito. Vinashika mchanga na maji, upepo ukiwa mdogo bawa linalala. Hii ya bluu nimeifumua. Nane bado."

Kocha akamtazama, akamtazama Njiti, akatabasamu kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyouma. "Mama Njiti. Kila mzazi hapa ana sababu. Mmoja aliniambia mwanawe ameangushwa na samaki."

Kicheko kikapita kwenye safu. "Dada yake Kushoto ana wakili!" mmoja akaita. Njiti alitazama chini.

"Sikuombi uniamini," alisema Mama Njiti. Sauti yake ilitetemeka kidogo, akaiachia itetemeke. "Chukua ile nyekundu. Niliiwekea viraka viwili, vyote kushoto. Irushe wewe."

"Mimi?"

"Wewe si mkono wako wa kushoto unasikia?"

Safu ikasema "Aaah!" kwa furaha. Kocha hakuwa na njia. Kwa kawaida alirusha tiara zake mpya, na siku za upepo mdogo alikaa kitini na karatasi, wakirusha wengine. Akafunga mkanda, akaweka filimbi mdomoni, akaingia majini. Tiara nyekundu ikapanda vizuri sana. Alijua kazi yake, lazima isemwe. Mikono yake ilikwenda laini, huku na huku, hata Njiti alisahau shida zake akawa anaangalia viwiko. Dakika ya kwanza. Ya pili. Dakika ya tatu tiara ikapita kushoto na kuzubaa. Kocha akaachia mpini, akarudi nyuma. Akaachia zaidi, akarudi zaidi. Akafanya kila alichofundisha watu kwa miaka kumi, kwa mpangilio wake, bila kuruka hata kimoja, na bawa la kushoto likainama kwa adabu na tiara ikajilaza majini.

Filimbi ilikuwa mdomoni bado. Hakuna aliyethubutu kumwambia aipulize.

Alitoka majini, akaifuata tiara, akakigeuza kiraka, akakifinya kwa vidole gumba viwili. Kilitoa sauti ya mchanga. "Nilimwondoa yule kijana," alisema, si kwa mtu fulani.

"Ndiyo, Kocha."

"Na hukuzijaribu hata siku moja?"

"Sikuzijaribu. Na wewe hukuzirusha."

"Mimi sikuzirusha," alikubali. Akajifuta uso. "Binti, ingia."

Njiti aliingia na ile ya bluu. Kiraka kipya kilionekana mwanga ukipita, chepesi, kimoja, mshono mmoja, na Mama Njiti alikiona uchi kama mtoto aliyetoka bila shati. Hakuketi. Dakika ya tano upepo ulikata kabisa na tiara ikaanza kushuka, na Breki akasimama na mgongo wake wote. Njiti akasukuma mpini mbele, akarudi nyuma hatua nne ndani ya maji, akiitembeza, mkono wa kushoto, wa kulia, wa kushoto, na tiara ikakaa chini chini juu ya maji kama mtu anayejipenyeza chini ya kamba ya nguo, halafu ikapanda tena. Ufukweni, mikono ya Mama Njiti ilikuwa mbele yake, viganja vimefunguka, inaachia.

Dakika kumi na moja, maana Kocha alisahau kupuliza.

Akaandika kwenye karatasi ya mtihani, akampa Njiti mkono. Ile nyingine akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. "Zile nane uzifumue zote," alimwambia Mama Njiti. "Kiraka ulichokosea mwenyewe sikilipi kukifumua. Zikirudi, kila moja utairusha mbele yangu. Wewe, si binti yako. Halafu tutaongea habari ya kalamu."

"Sawa, Kocha."

"Na yule kijana..."

"Huyo nitamwambia mimi," alisema Mama Njiti.

Jengo jipya lilikuwa na ghorofa mbili tayari na ya tatu inaota. Mama Njiti alisimama kwenye lango la mabati, vumbi la saruji likimkalia kwenye viatu, akamuuliza mlinzi.

"Namtafuta Bonge."

"Hapa hakuna Bonge."

"Mnene mnene hivi. Alikuwa ufukweni."

"Simjui."

Akashusha sauti. "Kushoto."

"Aa, Kushoto! Sema hivyo, mama. Yule pale kwenye ngazi."

Alikuwa anashuka na ndoo tupu. Alipomwona fundi wa ufukweni akasimama, akaamkia, akangoja kwa heshima na wasiwasi, kama watu wanavyongoja mtu aliyekuja kazini kwao bila taarifa. Mama Njiti alikuwa amepanga maneno njiani. Alipofika hakuyakuta. Akasema ilivyokuwa: kiraka, viraka viwili, mchanga, kasia, Kocha mwenyewe kaanguka dakika ya tatu. Akasema Jumatatu Kocha anamwita arudi afanye mtihani upya. Akasema, "Haikuwa wewe. Ni mimi."

Kijana akaiweka ndoo chini. Nyuma yake mtu akapiga mluzi, zege linangojwa.

"Jumatatu saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Mama," alisema, "unajua tangu nianze hapa ndoo zote nabeba na huu?" Akafungua kiganja cha kushoto. Kilikuwa kimeota sugu za njano, moja imepasuka. Akafungua cha kulia pembeni yake, laini, kama cha mtu mwingine. "Nilisema niutie adabu."

Mama Njiti alikitazama kiganja kile kama anavyotazama nguo iliyoharibika, akitafuta pa kuanzia. Hakukuwa na pa kuanzia.

"Kushoto! Zege linaganda!"

"Nakuja!" Akainama kwenye rundo, ndoo ikajazwa, akaishika mpini, akainuka nayo hatua moja. Akasimama. Akaitua chini, akazunguka upande wa pili, akaiinua kwa mkono wa kulia.